UFUNDI NYUMBANI: Tarumbeta ya sauti, na masikio ya nani?



Mwezi huu tunataka kusema juu ya vipaza-sauti vya tarumbeta, vile vyenye mdomo mpana kama ua la boga. Vijana wengi wanavipenda. Wanavinunua sokoni vikiwa vimekwisha kutumika, vingine vimetoka katika majumba ya sinema au ya mikutano. Wanavileta ku saloni, wanavifunga ku ampli, wanafungua muziki. Halafu wanashangaa. Sauti iko na nguvu, lakini inachoma. Mama anatoka kwenda jikoni, mtoto mudogo anaziba masikio na kusema: «Baba, ile kitu inapiga mu masikio!»

Je, tarumbeta ni mbaya? Hapana. Tarumbeta ikitengenezwa vizuri inaweza kutoa sauti ya mtu anayeimba kana kwamba anasimama mbele yako. Lakini tarumbeta iliyoletwa nyumbani bila kurekebishwa ni kama ng'ombe aliyeingia ndani ya nyumba: nguvu yake ni nzuri, lakini fasi yake haijapatikana. Basi, tuangalie namna ya kuitafutia fasi yake.

Nguvu yake inatoka wapi?

Ukitaka kumwita mtu aliye ngambo ya mto, unaweka mikono miwili kando ya mdomo. Mapafu yako hayakuongezeka, lakini sauti inafika. Tarumbeta inafanya kazi hiyo hiyo. Nyuma yake kuko moteri ndogo yenye ngozi nyembamba inayotikisika. Koo la tarumbeta ni jembamba, mdomo ni mpana, na kati yao njia inapanuka polepole. Hivyo ngozi ndogo inaweza kusukuma hewa nyingi, pasipo kupoteza nguvu bure.

Tazama hesabu. Kipaza-sauti cha kawaida cha nyumbani, kikipewa wati 1, kinatoa karibu desibeli 88 kwa umbali wa metre 1. Moteri ya tarumbeta ikipewa wati 1 ile ile inaweza kutoa desibeli 105 au zaidi. Tofauti hiyo si ndogo. Kila desibeli 10 ni sawa na kuzidisha wati mara 10, na desibeli 20 ni mara 100. Ndiyo sababu, filamu zenye sauti zilipoanza kuenea Marekani mwaka 1927, ampli za wakati ule zilikuwa na wati chache tu, lakini tarumbeta zilijaza jumba zima la sinema.

Mwaka 1946 fundi mmoja Mwamerika, Paul W. Klipsch, wa mji wa Hope katika Arkansas, alianza kuuza bafle ya nyumbani iliyoitwa Klipschorn. Yeye alifikiri hivi: sauti nzito inahitaji tarumbeta kubwa sana, kwa maana wimbi la hertsi 50 lina urefu wa karibu metre 7. Nani ana nyumba ya kutosha tarumbeta hiyo? Basi akaikunja njia ya tarumbeta ndani ya sanduku, na sanduku akaliweka katika pembe ya chumba, ili kuta mbili za nyumba ziwe mdomo wake. Bafle hiyo iliendelea kutengenezwa kwa zaidi ya miaka 70. Hapa tunajifunza jambo moja: kwa tarumbeta, chumba chenyewe ni sehemu ya chombo.

Kwetu, nyumba nyingi hutumia namna iliyo rahisi zaidi: bafle ya kawaida kwa sauti nzito, na tarumbeta moja juu yake kwa sauti za kati na nyembamba. Hiyo ndiyo tutakayoitengeneza leo. Inafaa pia nyumba ambamo umeme unakatika mara kwa mara. Ampli ndogo ya betri ya volti 12 inatosha kabisa.

Kwanza, ujue unayo tarumbeta gani

Kuko tarumbeta za inje, zile za chuma zinazofungwa juu ya mti au ya paa kwa kutangaza. Hizo zimetengenezwa kwa maneno, si kwa muziki. Sauti nzito hazina, na nyembamba sana pia hazina. Tena nyingi zina transfoma ndani, kwa ampli za volti 100. Hizo uziache inje kwenye kazi yake.

Tarumbeta ya nyumbani ina moteri inayofunguka kwa kuzungusha au kwa visi, na juu ya moteri kumeandikwa ohmu (8 au 16) na hertsi za mwisho wa chini, kwa mfano 1000. Usinunue ile isiyo na maandishi ikiwa muuzaji hawezi kukueleza. Tena, ombi letu: usikubali kuambiwa «iko na wati 200, ni muzuri». Kwa tarumbeta, wati si sifa ya kwanza. Uliza desibeli.

Bafle ya sauti nzito itafutwe yenye nguvu vilevile. Kipaza-sauti cha sentimita 30, chenye desibeli 95 au 96 kwa wati 1, ni rafiki mwema. Ukiifunga tarumbeta ya desibeli 105 pamoja na bafle ndogo ya desibeli 86, utalazimika kuishusha tarumbeta desibeli 19, na faida yake yote itaungua bure.

Chujio: mlinzi wa moteri

Moteri ya tarumbeta haijui kubeba sauti nzito. Ngozi yake ni nyembamba, na nafasi ya kutembea ni ndogo kabisa. Ukiifunga moja kwa moja ku ampli, wimbo mmoja wenye ngoma unatosha kuipasua. Ndiyo maana tunaweka chujio. Kama vile mama anavyochekecha unga ili makapi yabaki juu, chujio linazuia sauti nzito na kuacha nyembamba zipite.

Chujio lililotengenezwa tayari, lenye koili na kondensateri, ndilo bora. Lakini kama huna, kondensateri moja inaweza kulinda moteri, ukifuata sheria mbili:

1. Kata kwa hertsi mara mbili ya ile iliyoandikwa. Ikiwa moteri inasema 1000, wewe kata kwa 2000, kwa sababu kondensateri moja inazuia polepole.

2. Tumia kondensateri isiyo na upande wa chanya na hasi. Kwa hertsi 2000, moteri ya ohmu 8 inataka mikrofaradi 10, na moteri ya ohmu 16 inataka mikrofaradi 5.

Kondensateri inafungwa katika waya mmoja unaokwenda ku tarumbeta. Kabla ya kuunga waya wowote, zima ampli. Baada ya kuunga, anza na sauti ya chini kabisa.

Kuitafutia fasi

Sauti ya tarumbeta inakwenda mbele kama mwanga wa tochi. Kwa hiyo mdomo wake uwe sawasawa na masikio ya mtu aliyekaa, yaani karibu metre 1 kutoka chini. Ukiiweka juu ya kabati, inaimbia mabati, si watu.

Bafle mbili zisitazame ukuta wa nyuma tu. Zigeuze kidogo ndani, mpaka tochi zake zikutane mbele kidogo ya kiti cha katikati. Hapo hata waliokaa pembeni watasikia vizuri, maana anayekaa karibu na bafle ya kuume atatazamwa zaidi na ile ya kushoto.

Kaa mbali kiasi, metre 2 na nusu au 3. Ukikaa karibu sana utasikia tarumbeta peke yake na bafle peke yake, kama watu wawili wanaosema pamoja. Ukisogea nyuma wanakuwa mtu mmoja.

Sasa tazama kina cha tarumbeta. Moteri yake iko nyuma, pengine sentimita 20 au 25 nyuma ya mdomo. Ukiiweka juu ya bafle mdomo ukiwa sawasawa na uso wa sanduku, sauti yake inachelewa. Unaweza kuuliza: kuchelewa kwa sentimita chache kuna neno gani? Kwa hertsi 2000 wimbi lina urefu wa sentimita 17 tu. Kuchelewa sentimita 8 au 9 kunatosha kufanya wimbi moja lisukume wakati lingine linavuta, na sauti ya mwimbaji inakuwa nyembamba kama inatoka ndani ya mtungi. Basi isogeze tarumbeta mbele, sentimita 2 kwa 2, huku mtu mmoja amekaa kwenye kiti akisikiliza. Pale sauti inapojaa, weka alama ya chaki.

Jaribu pia kubadilisha waya mbili za tarumbeta, ile ya chanya kwa hasi. Sikiliza sauti ya mtu anayesema, si ngoma. Acha waya namna ile ambayo sauti inakuwa na kifua. Fanya vilevile kwa bafle zote mbili, zisitofautiane.

Kisha gonga tarumbeta kwa kidole. Ikilia «ngeee» kama sahani, ujue italia hivyo katika kila wimbo. Zungushia mpira wa ndani wa gurudumu la kinga uliokwisha kazi, inje ya tarumbeta, uukaze. Chumba chenyewe nacho kikisikika kama tangi tupu, simenti chini na kuta tupu, tandika mkeka, funga pazia nzito nyuma ya kiti. Mkeka mmoja unaweza kusaidia kuliko ampli mpya.

Kuishusha: kazi iliyo kubwa kuliko zote

Hapa ndipo vijana wengi wanachoka. Tarumbeta ya desibeli 105 inakaa pamoja na bafle ya desibeli 95. Ikiachwa hivyo inaimba kwa nguvu mara 10 kuliko mwenzake. Tunaishusha kwa rezistansi mbili: ya kwanza inakaa katika njia ya waya, baada ya kondensateri, ya pili inaunganisha waya mbili za moteri. Kwa moteri ya ohmu 8:

— kushusha desibeli 6: ya kwanza ohmu 4, ya pili ohmu 8;
— kushusha desibeli 10: ya kwanza ohmu 5,5, ya pili ohmu 3,7;
— kushusha desibeli 12: ya kwanza ohmu 6, ya pili ohmu 2,7.

Nunua rezistansi za wati 10, zile kubwa nyeupe, na uziweke mbali na pazia kwa sababu zinapata moto. Juu ya nini mbili, si moja? Kwa sababu moja peke yake inabadilisha ohmu, na kondensateri yako haitakata tena pale ulipochagua. Kuko faida nyingine: ule mvumo wa ampli, «shhhh», ambao tarumbeta inapenda kuonyesha, nao utashuka.

Lakini kushusha mpaka wapi? Kwa masikio ya nani?

Wapendwa, hili ndilo lililonifanya nishike kalamu mwezi huu, maana sisi tunakaa katika miji ya migodi.

Baba aliyefanya kazi miaka mingi karibu na kompresa, mashine ya kutoboa mawe au kinu cha kusaga, masikio yake yamepigwa. Kelele za kazi haziharibu sikio lote kwa mara moja. Kwa kawaida zinaanza kula sauti za karibu hertsi 4000. Mtu bado anasikia ngoma, bado anasikia gari, lakini herufi kama «s» na «f» zinamkimbia. Anasema: «Watoto wa leo wanasema ndani ya meno.» Kumbe watoto wanasema vizuri.

Sasa, hertsi 4000 ni shamba la nani? La tarumbeta hasa. Baba anakaa ku kiti, anasikiliza, anaona muziki umefunikwa. Anasema: «Ongeza.» Tarumbeta inapanda. Yeye anapata furaha. Lakini mtoto wa miaka 6 aliyekaa chini mbele ya bafle anapokea yote, pamoja na kile ambacho baba hasikii. Hivyo sikio lililoumia linatoa amri, na sikio lililo zima linaumizwa. Baba hana nia mbaya. Lakini bila kujua anaweza kumrithisha mwana wake ugonjwa wa mgodi, kabla mtoto huyo hajaona hata mlango wa mgodi. Na ngozi ya tarumbeta ikipasuka inaweza kununuliwa nyingine. Chembe za kusikia ndani ya sikio la mtu zikifa hazioti tena.

Kwa hiyo sheria yetu ni hii: nyumba irekebishwe kwa sikio lililo zima kuliko yote. Mkalishe mama, au kijana asiyefanya kazi ya kelele, ku kiti cha katikati. Weka sauti ya mtu anayesoma au anayeimba peke yake. Muulize: «Unasikia mtu mmoja, ao unasikia sanduku na tarumbeta?» Ikiwa anasikia tarumbeta, shusha tena. Tarumbeta iliyorekebishwa vizuri haionekani kwa sikio. Unasikia mtu tu.

Na baba je? Tusimwache pembeni. Kiti chake kisogezwe kwenye njia ya tochi, kwa umbali wa metre 2, na watoto wakae nyuma yake. Hiyo itamsaidia kuliko kuongeza sauti. Tena aende kupimwa masikio kwa muganga, na kazini avae vizibo vya masikio bila haya.

Hesabu ya saa

Wataalamu wa afya ya kazi wa Marekani, katika taasisi ya NIOSH, waliandika mwaka 1998 kwamba mfanyakazi asipite desibeli 85 kwa saa 8 za siku. Kila desibeli 3 zikiongezeka, saa zinagawanywa kwa mbili: desibeli 88, saa 4, desibeli 91, saa 2, desibeli 94, saa 1, desibeli 100, dakika 15 tu.

Angalia vizuri: baba aliyemaliza saa zake 8 katika kelele ya mgodi amekwisha kula sahani yake yote ya siku ile. Jioni sikio lake linataka kupumzika, kama vile mgongo wake unavyotaka kitanda. Na bafle zetu zinaweza kufika desibeli 95 kwa wati 1 peke yake! Kwa kusikiliza vizuri nyumbani, ampli yako itatumia sehemu ndogo tu ya wati moja.

Huna chombo cha kupima? Simu nyingi za leo zinaweza kuwekewa programu ya desibeli. Haipimi kwa usahihi wote, lakini inaonya. Na bila simu, kuko kipimo cha bure: ikiwa unalazimika kupaza sauti ili mtu aliye metre 1 kutoka kwako akusikie, sauti imepita kiasi.

Tukumbuke na jirani. Katika kambi zetu, nyumba zinagusana, na nyuma ya ukuta huenda analala mtu aliyetoka posti ya usiku. Yeye atashuka tena leo mahali ambapo usingizi kidogo unaweza kumtoa mtu mkono, ao uhai. Sauti nzito inapita ukuta kuliko nyembamba. Kwa hiyo ondoa bafle katika pembe na usiigusishe ukuta wa jirani. Isogeze sentimita 30 kwa 30 mpaka ivume kidogo. Na kabla ya kufungua muziki mchana, uliza: «Jirani, leo uko posti gani?» Swali hilo halina bei, lakini linaleta amani katika lupango.

Vijana, msione aibu kuwa na tarumbeta inayosema polepole. Kupiga kelele, hata debe tupu linaweza. Fundi anajulikana pale watu wanapokaa saa nzima mbele ya kazi yake, wanaongea, wanacheka, mtoto analala juu ya mkeka, na hakuna anayeziba masikio.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutasema juu ya nyaya za umeme ndani ya nyumba na namna ya kuzuia moto. Mubaki na amani.

*Maswali ya kuzungumza nyumbani*

1. Katika nyumba yetu, nani ana masikio yaliyo mazima kuliko wote? Je, tunamsikiliza anaposema «punguza»?
2. Baba au kaka anayefanya kazi penye kelele amekwisha kupimwa masikio?
3. Tunajua jirani yetu analala saa gani?